Kufuli la Hofu: Hadithi za Mumiani na Wanawake wa Pumwani

Msomaji, hapana shaka nawe umepata kusimuliwa hadithi ya kutisha usiku. Pengine msimulizi alikuwa nyanya yako, pengine dada yako mkubwa, na pengine mwenzako wa bweni baada ya taa kuzimwa. Ulisikiliza, ukajifunika gubigubi, na usiku ule hukuthubutu kutoka nje hata haja ilipokushika. Jua lilipochomoza uliicheka hofu yako mwenyewe, ukasema, "Kumbe ni hadithi tu." Neno hilo "tu" ndilo ninalotaka tulichunguze katika insha hii. Maana hadithi iliyokuzuia kupita mlangoni ilikuwa na nguvu ya kufuli, na kila kufuli lina mwenye ufunguo.

Nitakusimulia habari za kufuli la namna hiyo, lililotiwa milangoni mwa wanawake katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, hasa Pumwani, Pangani na Shauri Moyo. Hadithi yenyewe ni ya mumiani. Huenda umekwisha kuisikia kwa jina jingine, kwa kuwa ilienea Afrika Mashariki yote. Lakini huko Nairobi ilipata sura yake, na sura hiyo hufunua mambo ambayo barua za maofisa hazikuyaandika.

Kwanza yatupasa kuujua mji wenyewe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli. Serikali ya kikoloni iliukusudia uwe mji wa Wazungu, na Mwafrika aliruhusiwa kuingia kama kibarua aingiavyo katika ua wa tajiri: afanye kazi yake, kisha aende zake. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwanamke hakupewa kipande. Hii haikuwa heshima. Hakupewa kwa sababu hakutarajiwa kuwako mjini. Katika mawazo ya watawala, na katika mawazo ya wazee wengi wa vijijini, mahali pake palikuwa shambani, chini ya baba, au mume, au kaka.

Walakini wanawake walikuja. Wako waliokimbia waume wasiowapenda, na wajane waliokataa kurithiwa. Wako waliofukuzwa kwa kukosa mtoto. Wako pia mabinti wema waliokuja kutafuta fedha ili kuiinua nyumba ya baba baada ya mifugo kufa au mavuno kukosekana. Waliishi katika vijiji vya pembezoni mwa mji, kama vile Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Mapema katika miaka ya 1920 serikali iliamua kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, ikapima viwanja mashariki ya mji na kuufungua mtaa wa Pumwani. Huko mtu aliyepewa kiwanja alijijengea mwenyewe nyumba ya fito na udongo, akaiezeka kwa madebe yaliyopondwa, akapangisha vyumba.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo halikutazamiwa. Miongoni mwa wenye nyumba wa Pumwani wanawake walikuwa wengi. Mtafiti Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975 juu ya wanawake wa Nairobi ya zamani, alionyesha kwamba waliishika sehemu kubwa ya nyumba za mtaa huo. Fedha za kujenga walizipata kwa kuuza chakula, kwa kupika pombe kwa siri, na wengi kwa kuwapokea wanaume kwa malipo. Sikufichi jambo hili, msomaji, kwa kuwa historia isiyosema kweli haimfundishi mtu. Mwanamume aliyefika kwenye chumba cha mmoja wao alipata chai, maji ya kuoga, chakula, na kitanda, yaani alipata kwa saa chache nyumba ambayo tajiri wake alimnyima. Shilingi ziliwekwa moja juu ya nyingine mpaka zikawa kuta.

Wengi wao walisilimu, wakapata majina mapya na ndugu wapya. Walicheza lelemama, wakazikana, wakasaidiana katika ugonjwa. Na walipozeeka, wako waliowaachia nyumba zao wanawake wenzao au wasichana waliowalea. Hebu fikiri maana yake. Nyumba imejengwa na mwanamke na kukaliwa na mwanamke, na sasa mwanamke mwingine anairithi. Baba hakupata kitu, kaka hakupata kitu, wala hapakuwa na mume wa kudai. Kwa macho ya wengi, jambo hilo lilitisha kuliko jini.

Basi katika mtaa huo, katika miaka baina ya vita viwili vikuu vya dunia, hadithi ya mumiani ilisimuliwa kwa wingi. Neno hili ni la kale. Asili yake ni Kiajemi, na lilitaja dawa nyeusi kama lami iliyoletwa pwani kwa majahazi, ikatumiwa kutibu mifupa iliyovunjika. Lakini katika kamusi yake ya mwaka 1939 Frederick Johnson aliandika kwamba watu wengi walisadiki kuwa dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Hivyo jina la dawa likageuka kuwa jina la mwuaji. Uganda wauaji hao waliitwa bazimyomwoto, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Nairobi waliitwa wazimamoto.

Huenda ukauliza: kwa nini mtu wa kuzima moto, ambaye kazi yake ni kuokoa, aitwe mnyonya damu? Jibu lawezekana kuwa hili. Nairobi ya siku zile Mwafrika alikatazwa kutembea usiku pasipo kibali, bali kikosi cha zimamoto kilipita saa yoyote. Watu wake walivaa mavazi ya pekee, na gari lao lilikuwa jekundu, lenye mipira mirefu ambayo mtu asiyeijua kazi yake aliweza kuiwazia lolote. Hapana ushahidi hata chembe kwamba kikosi hicho kilimtoa mtu damu. Lakini hadithi haikuhitaji ushahidi. Ilihitaji picha tu, na picha ilikuwapo barabarani.

Katika miaka ya 1970 mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, aliketi na wazee wa Nairobi, wake kwa waume, akayaandika waliyoyakumbuka. Matunda ya kazi yake yalitoka katika vitabu viwili, kimoja mwaka 1990 na kingine mwaka 2000. Tukiyasoma masimulizi hayo kwa makini, twaona kuwa hadithi ni moja lakini ina vinywa viwili, na kila kinywa kina nia yake.

Katika vinywa vya wanawake, wazimamoto walikuja usiku wakimtafuta mwanamke alalaye peke yake. Alichukuliwa kutoka chumbani mwake mwenyewe, yaani mahali pale alipodhani amepata usalama. Hatari yake kubwa ilikuwa upweke wake, kwa sababu asiye na jamaa hana wa kumtafuta akitoweka. Sasa tazama hekima iliyofichwa humo. Ingawa hakuwapo mnyonya damu, mwanamke wa Pumwani aliyefungua mlango usiku alikuwa katika hatari ya kweli. Angeweza kukutana na mlevi, au mwizi, au askari aliyetafuta pombe. Mgeni akikataa kulipa, angemshtaki kwa nani? Polisi wangemwuliza kwanza yeye mwenyewe anafanya nini mjini. Kwa hiyo hadithi ya mumiani ilikuwa njia ya kuonyana. Ilimwambia msichana aliyefika jana kutoka shamba: mjue jirani yako, naye akujue. Funga mlango. Usikae pasipo mtu wa kuuliza habari zako asubuhi.

Katika vinywa vya wanaume wengi hadithi iligeuka. Humo mwindaji alikuwa mwanamke mwenyewe. Ilisimuliwa kwamba wanawake wa Nairobi waliwauza wageni wao kwa wazimamoto, na kwamba ndani ya vyumba vyao mlikuwa na mashimo ambamo mwanamume alitumbukia. Simulizi hizi zilichukuliwa na vibarua mpaka makwao Nyanza, zikasimuliwa jioni karibu na moto. Nazo zilijibu swali lililowachoma watu mioyo: mwanamke asiye na mume wala shamba alipata wapi fedha za kujenga nyumba? Kusema kwamba alifanya kazi, akaweka akiba, akajenga, kulikuwa kugumu kinywani. Kusema kwamba aliuza damu za watu kulikuwa rahisi.

Hapa, msomaji, ndipo penye kiini cha insha hii. Hofu ya mwanamke na hofu ya kumhofia mwanamke ziliishi chumba kimoja, tena zilitumia hadithi ile ile. Ya kwanza ilimfundisha ajilinde. Ya pili iliifundisha jamii imlinde asitoke, na kama ametoka, arudishwe. Kosa la wasomaji wengi wa historia ni kuzichanganya mbili hizi na kuziita zote kwa jina moja la ushirikina, kisha wakafunga kitabu.

Usidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao. Mwaka 1897, miaka miwili kabla ya reli kufika Nairobi, Bram Stoker alichapisha Uingereza kitabu chake kiitwacho Dracula. Humo mnyonya damu huwaingilia wasichana vyumbani mwao usiku. Msichana mmoja, Lucy, ambaye wanaume watatu walimposa, anageuka naye kuwa mnyonya damu, na anayemchoma moyo kwa kijiti ili kumtuliza ni mchumba wake mwenyewe. London na Pumwani zilikuwa mbali sana kwa mali na kwa madaraka, lakini katika miji yote miwili jamii ilipotishwa na mwanamke iliunda hadithi ambamo mwanamke huliwa kwanza, kisha hushtakiwa kwa kula.

Na je, wale waliodai kumlinda mwanamke walifanya nini? Serikali ilipoona kwamba wenye nyumba wa Kiafrika wana nguvu ambazo haikuwapa, iliamua kujenga yenyewe. Kufikia mwaka 1939 kijiji cha Pangani kilikuwa kimebomolewa, na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba ambazo zilikuwa mali ya Manispaa. Aliyekuwa mwenye nyumba sasa alikaa katika nyumba ya mwingine, akishika masharti ya mwingine. Miaka ya 1940 ilileta Kaloleni, ambayo ilipangwa vizuri na kusifiwa, nayo pia ilikuwa ya Manispaa. Katika mitaa ya namna hii mwanamke alikaribishwa akiwa mke wa mpangaji. Akiwa peke yake, mlango wake ulikuwa mwembamba sana.

Vyama vya makabila navyo viliingia kazini. Chama cha Luo Union kiliwakamata wanawake wa Kijaluo walioonekana kuishi mjini pasipo waume, kikawarudisha kwao Nyanza. Viongozi wake walisema wanalinda heshima ya kabila. Pengine walisema kwa moyo safi. Lakini mwanamke aliyebishiwa mlango usiku na watu asiowaalika, akatolewa chumbani na kupelekwa asikotaka, alikuwa na haki ya kuuliza tofauti iliyopo baina ya tukio hili na hadithi aliyoisikia ya wazimamoto.

Tena, ukitaka kujua nini hasa kilichoua wanawake Nairobi, usitazame usiku. Tazama mchana wa tarehe 16 Machi 1922. Harry Thuku alikuwa amekamatwa siku mbili kabla, na umati mkubwa ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alikofungwa. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea, akawaongoza wanawake kuelekea kwenye singe za askari. Risasi zilipigwa, akaanguka katika waliokufa wa kwanza. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21. Hakuna hadithi ya kutisha iliyotungwa kuwaonya wanawake juu ya bunduki za mchana. Hadithi ziliwaonya juu ya giza.

Uhuru ulipokaribia, na hata baada yake, hofu hii ilihama kutoka vinywani ikaingia vitabuni. Mwaka 1968 Grace Ogot alichapisha mkusanyo wake wa hadithi fupi uitwao Land Without Thunder. Mojawapo ya hadithi hizo, iitwayo Elizabeth, yahusu msichana wa kazi ya ofisini Nairobi. Amesoma, ana adabu, ana mchumba aliye masomoni ng'ambo. Tajiri wake anamnajisi, naye, akiwa na mimba asiyoitaka, anajitoa uhai. Humo hamna jini wala gari jekundu. Mnyama amevaa suti, na shimo liko nyuma ya meza ya kuandikia.

Kisha mwaka 1986 Marjorie Oludhe Macgoye alitoa riwaya yake Coming to Birth. Paulina, mwenye umri wa miaka 16, anafika Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin, ambaye amepanga chumba Pumwani. Ni siku za Hali ya Hatari. Miaka miwili kabla, tarehe 24 Aprili 1954, serikali ilikuwa imeuzingira mji na kuwakusanya maelfu ya watu, na askari bado wako kila mahali. Paulina anapoteza mimba yake, anatoka hospitalini, anapotea njia. Siku zinapita akitangatanga katika mitaa asiyoijua. Mwishowe anafika nyumbani, na mumewe anampiga.

Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilikuwa nimeogopa mambo mengi kwa ajili yake. Niliogopa askari, na wezi, na giza. Hata hivyo, katika siku zote za kupotea, watu wageni walimtendea wema kuliko yule aliyemngoja chumbani. Huo ndio ustadi wa mwandishi. Anatuacha tuiamini hadithi ya zamani, kwamba hatari iko njiani na usalama uko nyumbani, kisha anafungua mlango ili tuone. Tangu hapo maisha ya Paulina yanakuwa safari ya kujifunza kazi, kupata mshahara wake, na kuishi pasipo kuomba ruhusa ya kuwako.

Usifikiri kwamba habari hii imekwisha. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto fedha za malezi. Mwaka 1969 Bunge la Kenya huru liliifuta, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba wasichana wanaitumia kujitajirisha. Je, huitambui hoja hiyo? Ni ile ile ya shimo chini ya kitanda: mwanamke mwenye fedha lazima ameinyonya damu ya mwanamume. Novemba mwaka 2014 wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani Nairobi, wakisema amevaa vibaya. Wanawake wengi waliandamana mjini kupinga, na kabla mwaka haujaisha sheria ya jinai ikaongezwa kifungu: amvuaye mwingine nguo kwa nguvu atafungwa si chini ya miaka 10. Wale wanaume walijiona walinzi wa maadili. Wazimamoto wa hadithi hawakudai cheo hicho.

Sasa nifunge maneno yangu. Sikuambii uache kusimulia hadithi za kutisha. Hadithi ni mali ya watu, na zile za wanawake wa Pumwani ziliwasaidia kuishi katika mji ambao haukuwataka. Nakuomba tu kwamba kila usikiapo hadithi ya namna hiyo, ya zamani au ya leo, ya kitabuni au ya barazani, uiulize maswali matatu. Nani anaisimulia? Nani anaambiwa akae ndani? Na nani atanufaika akikaa?

Ukiwa msichana, hadithi ikikufundisha kumjua jirani na kuujua mlango wako, ishike, maana ni urithi wa mama zako. Ikikufundisha kwamba kutoka kwako ni kosa, na kwamba ulichokipata kwa jasho lako ni damu ya wengine, basi ujue kwamba umeletewa kufuli. Ukiwa mvulana, jiulize ni mara ngapi wewe nawe umekuwa msimulizi wa hadithi ya pili, ukidhani unafanya mzaha.

Nyumba nyingi za udongo za Pumwani zimekwisha kubomolewa, na wenye nyumba wale wa kwanza wamekufa wote. Hawakuacha vitabu. Waliacha kuta, na hadithi za nani alibisha mlango usiku. Tuzisome kwa heshima, kwa kuwa walioziamini hawakuwa wajinga. Walikuwa watu walioijua hatari yao, wakakosa mahali pa kuishtaki, wakaisimulia.